Tathmini zangu zinasomwa, lakini kila mtu bado ananiuliza: "Ninunue au nisinunue?"

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba kwa mwaka mzima amekuwa akiandika mtandaoni tathmini za vifaa vidogo vya umeme vya nyumbani: mabirika, pasi, pawabenki, vipokea sauti vya masikioni. Anasema watu wanazisoma na wengine humshukuru, lakini karibu kila tathmini huishia kwa mtu kumuuliza swali lile lile: "Kwa hiyo ninunue au nisinunue?" Anataka kujua anakosea wapi katika utafiti na katika uandishi, na kama ni vibaya kupokea kifaa cha bure kutoka kwa mtengenezaji, kwa kuwa ofa ya namna hiyo imekwisha kumfikia. Amenitumia tathmini tatu na kuniruhusu kuzinukuu.

Ndugu msomaji,

Nimezisoma tathmini zako zote tatu, kila moja mara mbili. Lugha yako ni nyoofu, picha ni zako mwenyewe, na huna tabia ya kukuza mambo. Kasoro ninayoiona ni moja, nayo imejirudia katika zote tatu: nikifika mwisho ninajua kifaa kilivyokupendeza, ila sijui ulikifanyia nini. Mnunuzi hawezi kutoa fedha zake kwa kutegemea hisia za mtu asiyemfahamu. Anachoweza kukitegemea ni ushahidi wa mtu aliyekaa na kifaa, akakitumia kwa namna inayoeleweka na kwa muda unaotajwa, kisha akaeleza kilichotokea. Wewe umempa hukumu bila kumsomea kesi, ndiyo maana anakurudia.

Chukua sentensi yako hii: "Birika hili ni zuri sana, linachemsha maji kwa haraka na umbo lake linavutia." Haraka ni kiasi gani, na ni haraka kuliko nini? Birika lenyewe umeandika kuwa ni la wati 2,000. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 za selsiasi kunahitaji takriban kilojuli 335 za nishati, na wati 2,000 maana yake ni kilojuli 2 kwa kila sekunde. Kwa hiyo, hata pasipopotea joto lolote, hakuna birika la wati 2,000 litakalochemsha lita hiyo chini ya sekunde 167 hivi, yaani dakika 2 na sekunde 47. Kwa kuwa joto kiasi huishia kwenye chombo chenyewe na hewani, ukipata dakika 3 na sekunde kadhaa, birika linafanya kazi kama linavyopaswa. Ukipata dakika 4 na nusu, hapo kuna jambo la kumweleza msomaji, ingawa kabla ya kulilaumu birika utazame volti ya umeme wako, kwa sababu wati zilizoandikwa kwenye kitako ni za volti fulani: kifaa cha kupasha joto chenye wati 2,000 kwa volti 240 hutoa karibu wati 1,680 tu kikipewa volti 220.

Hesabu hiyo inafichua kitu ambacho neno "haraka" lilikuwa limekifunika. Mabirika yenye wati sawa huchemsha kwa muda unaokaribiana, kwa hiyo kasi si sifa ya kulitofautisha birika hili na jirani yake wa bei nusu. Tofauti iko kwingine. Je, mdomo wake unamwaga bila kudondosha? Mfuniko unafunguka kwa mkono mmoja, na ukifunguka mvuke unakuelekea usoni? Ukuta wa nje unaunguza? Alama ya kiwango cha chini imewekwa wapi, maana anayekaa peke yake na kutaka kikombe kimoja hataki kulazimishwa kuchemsha nusu lita? Likishachemka linajizima baada ya sekunde ngapi? Hayo tangazo haliyasemi, na ndiyo mtu atakayoishi nayo kila asubuhi. Tathmini yako haikujibu hata moja.

Sasa nirudi nyuma kwenye utafiti, kwa sababu maswali hayo hayajitokezi yenyewe wakati wa kuandika.

Kabla ya kukiwasha kifaa, andika namba yake kamili ya modeli kama ilivyo kwenye kibandiko, pamoja na toleo la programu yake iwapo kinatumia programu. Watengenezaji hutumia jina moja la kibiashara kwa vifaa kadhaa, na herufi moja mwishoni mwa namba inaweza kumaanisha betri tofauti, injini tofauti au hata kiwanda tofauti. Tathmini yako ya vipokea sauti inataja jina tu. Mtu atakayekwenda dukani na tathmini hiyo mkononi anaweza kuuziwa kitu ambacho wewe hujawahi kukigusa.

Kisha soma kitabu cha maelekezo chote, hata zile kurasa za mwisho zenye maandishi ya kukodolea macho. Najua wengi hawasomi, na hapo ndipo faida yako ilipo. Mara nyingi kitabu cha blenda husema kwamba isiendeshwe mfululizo kwa zaidi ya dakika moja au mbili kabla ya kupumzishwa, taarifa ambayo kwa mtu anayesaga vitu vigumu kila siku ni kubwa kuliko rangi zote tano zilizotangazwa. Masharti ya waranti nayo yamo humo: inahesabiwa kuanzia lini, inafunika betri au haifuniki, nani analipa usafirishaji wa kurudisha. Alama za kinga dhidi ya maji zinahitaji ufafanuzi pia. IPX4 maana yake kifaa kinastahimili maji yanayorushwa kutoka pande zote, hakikusudiwi kuzamishwa, na ile X haimaanishi sifuri, inamaanisha kwamba kinga dhidi ya vumbi haikutajwa. Tarakimu 7 katika IP67 ndiyo inayozungumzia kuzamishwa, kwenye kina cha mita moja kwa dakika 30, na jaribio lenyewe hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Uliandika kwamba vipokea sauti vyako vya IPX4 "haviingizi maji". Msomaji anayeogelea angeweza kukuamini.

Maoni ya wanunuzi wengine ni chanzo kizuri, mradi ujue kuyasoma. Mwaka 2009 watafiti Nan Hu, Paul Pavlou na Jie Zhang walieleza kwa nini nyota za bidhaa mtandaoni hurundikana juu kabisa, chache zikabaki chini kabisa, na katikati pakawa patupu. Kwanza, wanaonunua ni wale ambao tayari walikuwa wamekipenda kitu. Pili, aliyeridhika kiasi hana msukumo wa kuandika. Anayeandika ni aliyefurahi sana au aliyekasirika sana. Kwa hiyo wastani wa nyota unakuambia machache kuliko unavyoonekana kukuambia. Mimi huanza na maoni ya nyota tatu, kisha mbili, kisha nne, kwa kuwa mtu anayetoa nyota tatu kwa kawaida amepima mazuri na mabaya kabla ya kuandika. Nikishayamaliza hayo ndipo ninapita haraka kwenye ya nyota moja, nikitafuta lalamiko linalojirudia kwa maneno tofauti kutoka kwa watu tofauti, na kutazama lilitokea muda gani baada ya ununuzi. Watu kumi na wawili wakisema kwamba bawaba ya mfuniko ilikatika ndani ya miezi mitatu, hilo nimelipata. Maoni mengi ya nyota tano yaliyowekwa ndani ya siku mbili, yenye sentensi zinazofanana kama mapacha, au yanayosifu bidhaa nyingine kabisa, nayaweka kando. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni vyote viwili vinajitembeza, tena kwa mavazi yale yale.

Lakini usiyahamishe malalamiko hayo kwenda kwenye tathmini yako kana kwamba ni ukweli uliouona. Yachukue kama maswali ya kupeleka kwenye jaribio. Ikiwa wengi wamelia na bawaba, kaa na birika ufungue na kufunga mfuniko mara 300 huku ukisikiliza redio. Itakuchukua kama robo saa. Bawaba ikilegea, umeiona mwenyewe. Isipolegea, andika kwamba ulifanya mara 300 na haikulegea, na kwamba wanunuzi kadhaa wanasema yao ilikatika. Msomaji ataupima mwenyewe uzito wa kila upande.

Kwenye kujaribu ningependa tukae kidogo, hasa kwa ajili ya ile tathmini yako ya pawabenki, kwa kuwa ndiyo yenye kosa la hatari zaidi. Umeandika kwamba pawabenki ya mAh 10,000 (miliampia-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na betri) "inadanganya", kwa sababu ulitarajia ijaze simu yako yenye betri ya mAh 5,000 mara mbili, na ikaijaza mara moja na nusu. Nimefurahi kwamba ulijaribu. Hata hivyo, tuifanye hesabu pamoja. Ile mAh 10,000 ni ya seli zilizomo ndani, ambazo kwa kawaida hupimwa kwa volti 3.7, kwa hiyo nishati iliyomo ni wati-saa 37. Umeme unaotoka kwenye tundu la kawaida la USB ni wa volti 5, na wati-saa 37 kwa volti 5 ni sawa na mAh 7,400. Kubadilisha volti kunagharimu: ukikata asilimia 10 hadi 15 inayopotea kama joto, unabaki na mAh 6,300 hadi 6,700 hivi. Simu nayo hupoteza kiasi wakati inapojichaji. Mara moja na nusu ndiyo matokeo ya pawabenki nzima, yenye kufanya ilichoahidi kwa lugha ya watengenezaji. Umeituhumu kampuni kwa kosa ambalo haikulifanya. Ungepima ukapata mAh 4,000, hapo tuhuma ingekuwa na miguu.

Upimaji wenyewe hauhitaji maabara. Kipo kipimio kidogo cha USB kinachochomekwa kati ya pawabenki na waya, kikaonyesha volti, ampia na jumla ya wati-saa zilizopita. Jaza pawabenki hadi taa zote ziwake, iache ipoe kwa saa moja, kisha itumie hadi ijizime, ukiandika namba. Rudia mara tatu kwa siku tofauti. Tokeo moja linaweza kuwa bahati, mawili yanaweza kupingana, na matatu huanza kukuonyesha mwelekeo. Gusa pia ganda lake baada ya dakika 30 na uandike kama unaweza kuendelea kulishika. Na kwa kuwa uko kwenye wati-saa, mweleze msomaji jambo ambalo wasafiri hulitafuta: mashirika ya ndege kwa ujumla huruhusu betri za hadi wati-saa 100 katika mzigo wa mkononi bila kibali maalumu, kwa hiyo hii yenye wati-saa 37 haina tatizo, ilhali yenye mAh 30,000 inauvuka mpaka huo.

Daftari langu la majaribio lina safu nne: tarehe, nilichofanya, kilichotokea, nilichohisi. Safu mbili za mwisho nimezitenganisha kwa makusudi. "Mlio ulinikera" ni hisia. "Mlio ulisikika katika chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa" ni tukio, na msomaji mwenye mtoto mchanga anajua la kufanya nalo. Andika papo hapo. Kumbukumbu ya wiki iliyopita hupenda kukubaliana na maoni ya leo. Tena, ukipata nafasi, weka kando ya kifaa unachokipima kingine cha kazi ile ile, hata kama ni cha zamani ulichonacho nyumbani, na uvijaribu siku moja kwa maji yale yale au nguo zile zile, ukibadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Kifaa kikiwa peke yake karibu kila mara huonekana kizuri.

Kuhusu muda, acha nikiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita niliisifu pasi moja baada ya kuitumia siku tatu. Ilikuwa nyepesi, ilipata moto mapema, na sikuona sababu ya kusubiri. Mwezi wa nne waya wake ulianza kuchanika pale unapoingia kwenye mpini, kwa sababu bomba la mpira linalopaswa kuulinda lilikuwa fupi mno na gumu. Wasomaji wanne waliniandikia kwamba za kwao zilifanya vivyo hivyo. Tangu siku hiyo ninaandika juu kabisa muda niliokaa na kifaa, na ninaigawa kazi kwa kadiri ya muda huo. Uzito, urefu wa waya, kelele na urahisi wa kusafisha vinajulikana ndani ya siku moja. Starehe ya vipokea sauti inahitaji wiki, maana sikio halilalamiki siku ya kwanza. Uimara wa waya, bawaba, betri na rangi huhitaji miezi, na kama huna miezi hiyo, usitumie neno "imara" hata kidogo. Sema: "Nimekitumia siku kumi, kuhusu uimara sina la kusema kwa sasa." Sentensi hiyo haikupunguzii heshima.

Ukishakuwa na daftari lililojaa, uandishi unakuwa mwepesi. Jibu la "ninunue au nisinunue" liweke katika aya ya kwanza, ila lifunge kwa masharti, kwa sababu hakuna kifaa kinachomfaa kila mtu. Waandishi wengi huogopa kwamba wakilitoa jibu mapema msomaji ataondoka. Wataondoka baadhi, wakiwa wamesaidika. Anayekaribia kutoa fedha atabaki kutaka kujua umelifikiaje. Aya ya kwanza ya tathmini yako ya birika ingeweza kuwa hivi, nikichukulia vipimo vya kuwaza kwa ajili ya mfano:

"Nimelitumia birika hili kila siku kwa wiki sita, na nililinunua kwa fedha zangu. Linawafaa watu watatu au zaidi wanaochemsha maji pamoja: lita moja na nusu ilichemka kwa wastani wa dakika 4 na sekunde 40 katika majaribio matatu, na mdomo wake haukudondosha hata tone. Halimfai anayeishi peke yake, kwa sababu haliruhusu kuchemsha chini ya mililita 500, wala nyumba yenye watoto wadogo, kwa sababu ukuta wake wa chuma unaunguza kwa dakika kadhaa baada ya kuchemka."

Hakuna "zuri sana" humo, na hakuna atakayeuliza kama anunue, kwa sababu kila mmoja amekwisha kujiona yuko upande upi. Sehemu zinazofuata ziendeleze yaliyotajwa hapo juu, zikianza na lile lenye uzito zaidi kwa mnunuzi, hata kama kwako lilichosha kulipima. Orodha ya sifa za kiufundi usiinakili. Ipo kila mahali, na ukiijaza humo unamfanya msomaji ashuku kwamba kifaa hukukigusa. Taja tu zile ulizozipima au zile ambazo maana yake si dhahiri.

Ukaguzi wa kasoro unahitaji kipimo cha haki. Jiulize kama ulichokiona ni kasoro ya kifaa kimoja kilichokufikia wewe au ni ya muundo wenyewe. Kitufe kilichokwama ni pengine bahati mbaya ya kifaa kimoja, na swali linalofuata ni jinsi muuzaji alivyokibadilisha. Waya wa sentimita 60 ni muundo. Kila atakayenunua ataupata. Useme wazi ni ipi kati ya hizo mbili, na kama hujui, sema ulikuwa na kifaa kimoja tu. Kuchelewa kwa mzigo au ukali wa mhudumu ni habari za muuzaji na zikae mahali pake. Nimeona vifaa vizuri vikipewa nyota moja kwa sababu sanduku lilifika limebonyea. Bei nayo hubadilika, kwa hiyo ukiitaja weka tarehe uliyoiona.

Kuhusu nyota zenyewe nina maoni makali kidogo kuliko wenzangu. Kama hujaandika mahali fulani nyota tatu maana yake nini kwako, afadhali usizitoe. Katika tathmini zako tatu umetoa nne, nne na nne na nusu, na mojawapo ya nne hizo ni ya kifaa ulichosema kinadanganya.

Sasa suala la kifaa cha bure. Kupokea si dhambi. Yapo mashirika yaliyojengwa juu ya kutopokea kabisa: Consumer Reports ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1936, Which? ya Uingereza ya mwaka 1957 na Stiftung Warentest ya Ujerumani ya mwaka 1964 hununua bidhaa wanazozipima kama wanunuzi wa kawaida, na sababu haiishii kwenye kukwepa rushwa. Kifaa kinachotumwa na mtengenezaji kwa mtathmini huenda kimechaguliwa na kukaguliwa mara mbili, ilhali kile cha rafu ya duka ndicho mnunuzi atakachokutana nacho. Wewe huna mfuko wa mashirika hayo, na kuazima kwa jirani ni njia nzuri ambayo watu huidharau. Ukiamua kupokea, basi mambo matatu yawe yameandikwa katika barua pepe kabla ya mzigo kutumwa: kwamba hawataona tathmini kabla ya kuchapishwa, kwamba utaandika utakachokiona kiwe kizuri au kibaya, na kwamba utatangaza kuwa ulipewa. Kampuni inayojiamini hukubali. Inayoanza kuzunguka-zunguka imekujibu.

Tangazo hilo liwe mwanzoni mwa tathmini, kwa maneno ya kawaida: "Kifaa hiki nilipewa bure na mtengenezaji." Usilifiche chini kabisa wala usilivike maneno ya "kwa ushirikiano na". Vivyo hivyo kwa viungo vinavyokupa kamisheni mtu anaponunua. Sheria nazo zimeanza kukaza. Amazon, ambayo ilikuwa ikiruhusu wauzaji kutoa bidhaa bure ili wapate maoni, ilipiga marufuku mtindo huo mwezi Oktoba 2016, isipokuwa kupitia mpango inaousimamia yenyewe. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 28 Mei 2022 muuzaji anayeonyesha maoni ya wateja anatakiwa kueleza kama anahakikisha, na kwa njia gani, kwamba walioyaandika walinunua au kutumia bidhaa kweli. Nchini Marekani, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho iliyoanza kutumika tarehe 21 Oktoba 2024 inakataza maoni ya uongo, yakiwemo yaliyotungwa na akili mnemba kwa jina la mtu asiyekuwepo, na inakataza kumlipa mtu kwa sharti kwamba maoni yake yawe mazuri au yawe mabaya. Uingereza nayo imeyaharamisha maoni ya uongo na yale yanayoficha malipo tangu Aprili 2025. Ofa uliyonitumia, nikiisoma vizuri, inasema utapata kifaa cha pili "baada ya tathmini chanya". Hiyo ikatae, popote ulipo.

Umeuliza kwa mkato kama unaweza kuitumia akili mnemba kukuandikia. Ikusaidie kukagua tahajia au kupanga namba za daftari lako katika jedwali, sina ugomvi. Ikikuandikia jinsi mfuniko unavyofunguka, imeandika kuhusu mfuniko ambao haijawahi kuushika.

Kazi haijaisha ukishachapisha. Ukigundua kosa lisahihishe hadharani, ukiacha alama ya kilichobadilika na tarehe yake, na kosa lako la pawabenki ningeomba ulisahihishe wiki hii. Mtengenezaji akikuandikia kupinga, mwombe akuonyeshe ni kipimo gani kilikosewa, ukirudie, na uchapishe matokeo vyovyote yatakavyokuwa. Lugha ya tathmini kali ibaki kwenye ulichokishuhudia: "kilichonifikia kilizima siku ya tisa na hakikuwaka tena" ni kauli unayoweza kuisimamia mbele ya mtu yeyote, ilhali "ni matapeli" inakuhitaji uthibitishe nia ya watu ambao hukuwahi kukutana nao. Kukiwa na moshi, harufu ya kuungua au umeme unaorusha, acha kutumia mara moja, piga picha, mjulishe mtengenezaji pamoja na mamlaka ya viwango, na usisubiri kukamilisha majaribio matatu.

Tathmini yako ya pasi, isiyo miongoni mwa hizo tatu, sasa ina miezi minane, na umesema pasi yenyewe bado unaitumia. Anza na hiyo kabla ya kununua kifaa kingine. Ukunje waya wake taratibu pale unapoingia kwenye mpini, utazame kama mpira umeanza kupasuka, ugeuze kitako uone kama rangi imebambuka, kisha uandike juu kabisa ya tathmini ile tarehe ya leo na ulichokikuta.